Wanakisomo wafundishwe kuyahoji maandishi ya maji na ya "dawa"

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo lililonikaa moyoni tangu nilipostaafu ualimu wa shule ya msingi na kukubali kuwa mwezeshaji wa darasa la kisomo katika kata moja iliyo chini ya Mlima Meru, mkoani Arusha. Madarasa yetu ya watu wazima yanawafundisha watu kusoma, lakini hayawafundishi kuyapima wanayoyasoma, na upungufu huo unaumiza zaidi katika maandishi yanayogusa afya na mazingira yao: maji wanayokunywa, sumu wanazopulizia mashambani, moshi wanaovuta jikoni. Mwaka wangu wa kwanza na mimi nilifundisha hivyohivyo. Tulianza na silabi, tukaja kwenye neno, tukafika kwenye sentensi, kisha sote kwa sauti moja: "Tunywe maji yaliyochemshwa." Mwanakisomo aliyeitamka sentensi ile bila kukwama nilimhesabu kuwa amefaulu.

Aliyenibadilisha ni bibi mmoja mwenye umri wa miaka sitini na kitu. Nilikuwa nimewaagiza wanadarasa kila mmoja alete kutoka nyumbani kitu chochote chenye maandishi. Zililetwa pakiti za chumvi, kadi za kliniki, stakabadhi za ada na kalenda ya mwaka uliopita, naye akaleta boksi la dawa ya meno ya mjukuu wake. Alisimama, akasoma polepole huku kidole kikifuata herufi: "I-na flo-ra-i-di, kwa me-no i-ma-ra." Akanyamaza kwa muda, akaligeuza boksi upande wa pili kana kwamba jibu lingekuwa huko, kisha akaniuliza: "Mwalimu, hii floraidi si ndiyo ileile wanayosema imetuharibu meno sisi na watoto wetu?"

Msomaji wa Arusha hahitaji maelezo, lakini kwa wasomaji wa mikoa mingine niseme kwamba maji ya sehemu nyingi zinazouzunguka Mlima Meru hupita katika miamba ya volkano na kubeba kwa wingi madini yaitwayo floraidi. Mtoto anayeyanywa katika miaka ambayo meno yake ya ukubwani yanajijenga ndani ya ufizi, meno hayo yanapochomoza huwa na madoa ya njano au ya kahawia ambayo hakuna mswaki unaoyaondoa. Anayekunywa floraidi nyingi kwa miaka mingi huweza kupata madhara ya mifupa, viungo vikakakamaa, na kwa watoto wengine miguu ikapinda. Hatuko peke yetu katika hili. Tatizo lipo Kilimanjaro, Manyara na Singida, lipo Nakuru kwa ndugu zetu wa Kenya, na katika maeneo mengi ya Bonde la Ufa. Kijana wa hapa kwetu akicheka mjini Dar es Salaam, watu humwambia ametoka wapi kabla hajataja jina lake, na wako wasichana wanaojifunza tangu wakiwa wadogo kucheka huku wameziba mdomo kwa kiganja.

Swali la bibi liliwasha moto. Upande mmoja ulisema boksi linadanganya, kwa kuwa mwenye kiwanda anataka kuuza. Upande wa pili ulisema wanaodanganya ni watu wa maji, kwa kuwa wamechoka kuulizwa habari za mabomba. Kwa mazoea ya miaka thelathini na minane ya ualimu ningetoa jibu na kuendelea na somo. Safari hii nilijizuia. Niliandika ubaoni maandishi matatu yanayogusa jambo lile: maneno ya kwenye boksi, maneno ya bango lililobandikwa zahanati yetu, "Chemsha maji ya kunywa," na tangazo la zamani la kijiji lililosema maji ya bomba fulani yasitumiwe na watoto wadogo. Tukayachukua moja baada ya jingine na kuyauliza: anayesema hapa ni nani, anamwambia nani, anazungumzia ugonjwa upi, na anataja kiasi gani?

Hilo neno kiasi ndilo lililofungua njia. Dawa ya meno hupakwa na kutemwa, na mtoto mdogo hutakiwa kuwekewa kipande kisichozidi punje ya njegere, tena achungwe asimeze. Maji humezwa kila siku, asubuhi hadi usiku, kwa miaka. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba floraidi katika maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja. Floraidi kidogo inayogusa meno kwa nje huyasaidia, na floraidi nyingi inayoingia mwilini wakati meno yanajengeka huyaharibu. Boksi lilikuwa limesema kweli na tangazo la kijiji lilikuwa limesema kweli. Bibi alikaa chini akasema, "Kumbe walikuwa hawabishani, kila mmoja alikuwa na habari yake." Katika maisha yangu ya ualimu sijasikia mwanafunzi akilieleza jambo gumu la usomaji kwa maneno machache kama hayo.

Bango la zahanati ndilo lililotupa uchungu. Kuchemsha maji huua vijidudu vya kipindupindu, vya homa ya matumbo na vya kuhara, na kwa hilo bango halina kosa lolote. Ninaliunga mkono kwa moyo wote. Lakini floraidi haifi kwa moto, kwa sababu si kiumbe hai. Maji yanapochemka sehemu yake hutoka kama mvuke na floraidi yote hubaki sufuriani, hivyo yanayobaki huwa makali kidogo kuliko yalivyotekwa. Nilipolieleza hilo, mama mmoja aliyekaa karibu na dirisha alisema kwamba tangu alipompata mtoto wake wa kwanza, yapata miaka kumi na moja, amekuwa akichemsha kila ndoo ya maji ya kunywa kwa kuni anazozifuata mbali, akiamini kwamba anawaokolea watoto wake meno. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayehesabu mizigo ya kuni. Nami nilikumbuka ni mara ngapi nilimsomesha sentensi ile ya maji yaliyochemshwa, yeye akiirudia kwa sauti safi, bila mmoja wetu kuuliza: yaliyochemshwa yanatukinga na nini, na hayatukingi na nini?

Hakuna aliyemdanganya mama yule. Aliyelichora bango alikuwa akipigana na kipindupindu na hakuwa na sababu ya kutaja floraidi. Kilichokosekana ni mazoea, kwa upande wa msomaji, ya kuliuliza andiko mipaka yake, na mazoea hayo hayaji yenyewe kwa sababu mtu amejua herufi. Lazima yafundishwe, na lazima yafundishwe kwa mambo ambayo mtu anayajali kiasi cha kubishana.

Tangu siku ile tumekuwa tukiyavunjavunja maneno tuliyoyazoea. Watanzania sote tunasema "maji safi na salama" kwa pumzi moja, kama jina la mtu na la baba yake. Darasa letu lilitumia jioni nzima kuyatenganisha maneno hayo mawili. Maji ya chemchemi moja iliyo juu ya kijiji ni meupe, baridi na matamu, na kila mtu aliyaita safi, lakini je, ni salama? Na maji ya mvua yaliyokingwa kwenye simtanki, yenye majani makavu yaliyoanguka kutoka kwenye bati, yaliitwa machafu, ingawa maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa, na yakichujwa na kuchemshwa yanaweza kumfaa mtoto kuliko yale ya chemchemi. Safi huonekana kwa macho. Salama haionekani, salama inahitaji kipimo, na kipimo kinahitaji mtu wa kukisoma. Kwa hiyo "na" ile katikati ya safi na salama, ambayo sote tulikuwa tukiipita bila kuitazama, ilikuwa inaunganisha vitu viwili ambavyo huenda visikutane katika ndoo moja.

Kutoka hapo wanadarasa wenyewe walitaka kuona kipimo. Waliandika barua kwa jumuiya ya watumia maji, barua ya kwanza rasmi kwa wengi wao, wakiomba matokeo ya upimaji wa bomba wanalotumia. Ilichukua muda mrefu, na ilibidi wajumbe wawili wafuatilie kwa miguu, lakini hatimaye tulipewa nakala ya karatasi ya miaka mingi iliyopita. Ilikuwa imejaa vifupisho na tarakimu. Kwenye mstari wa floraidi kulikuwa na namba iliyozidi 1.5 lakini haikufika 4, na pembeni yake kulikuwa na neno moja limeandikwa kwa kalamu: "Inafaa."

Tulikaa na neno hilo vipindi viwili. Inafaa kwa nani? Kwa mtu mzima ambaye meno yake yameshaota, au kwa mtoto wa miaka miwili? Inafaa kwa kipimo cha nani? Hapo nililazimika kueleza historia ambayo watu wengi hawajapata kuisikia. Katika miaka ya 1970 nchi yetu iliweka kwa maji ya vijijini kiwango cha muda cha hadi miligramu 8 za floraidi kwa lita, si kwa kupuuza afya za watu bali kwa sababu kiwango kikali kingefunga vyanzo vingi vya maji mahali ambapo wananchi hawakuwa na chanzo kingine. Baadaye kiwango kikashushwa hadi miligramu 4, huku mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ukiwa 1.5. Maana yake ni kwamba maji yaleyale, kutoka bomba lilelile, yangeweza kuandikiwa "yanafaa" na mtaalamu mwaminifu katika mwaka mmoja na "hayafai" na mtaalamu mwaminifu katika mwaka mwingine, pasipo tone moja kubadilika. Mzee mmoja ambaye huwa hasemi sana aliuliza tarehe ya karatasi ile. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza, kwa sababu kuuliza tarehe ya andiko ni alama ya msomaji aliyekomaa, na nimewahi kufanya kazi na watu wenye shahada ambao hawaulizi.

Niligusia sumu za mashambani, na hapo nataka nikae kidogo, kwa kuwa tatizo linaanzia kwenye lugha yetu wenyewe. Serikali inaviita viuatilifu, jina ambalo ndani yake limebeba neno kuua. Mkulima anaviita "dawa". Anakwenda kununua dawa ya nyanya, anapiga dawa, mtoto wake akiugua anamnunulia dawa. Neno moja linabeba kinachoponya na kinachoua, na katika nyumba zetu huwa vinawekwa kwenye rafu moja. Darasa lilipoorodhesha ubaoni vitu vyote vinavyoitwa dawa, kuanzia ya meno, ya mbu na ya viatu hadi ya kikohozi na ya nyanya, kijana mmoja anayelima nyanya alicheka, kisha akaacha kucheka. Alisema kwamba anapochanganya dawa ya nyanya hukoroga kwa mkono, na kwamba hangekoroga kwa mkono kitu alichokizoea kukiita sumu.

Lebo za viuatilifu zina mkanda wa rangi chini yake: nyekundu ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote, ikifuatiwa na njano, bluu na kijani. Mkanda huo uliwekwa kwa nia njema, ili hata asiyejua kusoma aelewe. Lakini rangi nayo ni maandishi, na kila mtu huyasoma kwa uzoefu wake. Kijana yuleyule alisema, "Kijani ni ruhusa, mwalimu, kama taa za barabarani," kwa hiyo yenye mkanda wa kijani aliipulizia bila kufunika pua. Mwenzake alisema yeye hununua yenye mkanda mwekundu kila akiipata, kwa kuwa nyekundu ndiyo inayoua wadudu kweli. Wote wawili waliisoma rangi, na wote wawili walielewa kinyume cha kilichokusudiwa. Kijani inasema tu kwamba hatari yake ni ndogo ikitumiwa kama ilivyoelekezwa, na maelekezo hayo yako kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne, herufi ndogo kama mbegu za mchicha, mara nyingi kwa Kiingereza.

Ndani ya karatasi hiyo ndimo kunamoandikwa idadi ya siku ambazo mkulima anatakiwa kungoja kati ya kupulizia na kuvuna. Lebo moja tuliyoisoma ilisema siku 14. Siku kubwa za soko la Tengeru ni Jumatano na Jumamosi. Kijana wetu alikuwa na desturi ya kupulizia Jumatano jioni na kuchuma Ijumaa, ili nyanya ziingie sokoni Jumamosi. Tulihesabu kwenye kalenda ile iliyoletwa darasani, tukaona kwamba kuifuata lebo kungemkosesha masoko manne mfululizo. Akauliza: "Na nyanya zikiozea shambani nani atanilipa?" Ni swali la haki, na mwezeshaji asiyekuwa tayari kulisikia asiianze kazi hii. Sikuwa na jibu siku ile. Jibu lilitoka kwa mama mwingine aliyegundua, baada ya kulinganisha lebo tatu, kwamba siku za kungoja hazilingani, na kwamba iko yenye siku 3 tu. Kwa hiyo mkulima anaweza kutumia yenye siku nyingi matunda yakiwa bado machanga, na mavuno yakikaribia akahamia yenye siku chache. Mabwana shamba wanalijua hilo. Tofauti ni kwamba safari hii aliyelipata ni mtu ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa akitia dole gumba mahali pa sahihi, na alilipata kwa kusoma.

Wiki iliyofuata mwanamke mmoja alikuja na chupa ya plastiki ya soda yenye kimiminika cheupe kama maziwa. Alipimiwa katika duka moja kwa sababu hakuwa na fedha za kununua chupa nzima. "Hii haina maandishi, mwalimu," alisema, "sijui nisome nini." Tuliiweka juu ya meza, mbali na watu, tukaandika ubaoni maswali yote ambayo lebo ingeyajibu: ni kitu gani, kimetengenezwa lini, kinachanganywa na maji kiasi gani, kinangojewa siku ngapi, mtoto akikinywa afanyiwe nini. Ubao ulijaa maswali, na chupa haikujibu hata moja. Hadi leo sijapata kitabu cha kiada kinachofundisha kusoma kile ambacho hakikuandikwa, na somo lile halikunigharimu hata chaki mbili.

Kuhusu moshi wa jikoni nitasema kwa ufupi. Serikali ina mkakati wa miaka 2024 hadi 2034 unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na ninauombea ufanikiwe, kwa maana nimeyaona macho mekundu ya kina mama wa kata yangu. Tuliposoma tangazo moja la majiko ya gesi, wanadarasa walikubaliana nalo kuhusu moshi, kisha wakauliza kwa nini limetaja bei ya mtungi wa kwanza lakini halikutaja bei ya kuujaza.

Najua kwamba wapo watakaosema haya si mapya, na kwa sehemu ni kweli. Nilikuwa na miaka kumi na miwili mwaka 1973, Radio Tanzania Dar es Salaam iliporusha vipindi vya Mtu ni Afya na watu wapatao milioni 2 wakakaa katika vikundi nchi nzima. Baba yangu alikuwa kiongozi wa kikundi. Nilimwona akiwasomea wenzake kijitabu baada ya redio kunyamaza, wakajadiliana hadi giza likaingia, na kesho yake wakatoka na majembe kuchimba vyoo, kufyeka vichaka na kufukia madimbwi. Kabla ya hapo, katika mradi wa kisomo wa Kanda ya Ziwa uliosaidiwa na UNESCO, vitabu viliandikwa juu ya pamba, uvuvi na migomba, ili mtu ajifunze kusoma kwa kazi yake mwenyewe. Kwa juhudi hizo idadi ya wasiojua kusoma ilishuka kutoka takribani asilimia 67 mwaka 1967 hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Ni urithi unaostahili heshima, na mimi ni mtoto wake. Hata hivyo, vijitabu vile vilikuja na jibu ndani yake. Maadui walikuwa malaria, safura, kichocho na kuhara damu, redio ilikuwa moja, na jibu lililotoka Dar es Salaam lilikuwa sahihi kwa sehemu kubwa ya nchi. Leo mwanakisomo wangu anapokea kwa siku moja bango la zahanati, lebo ya duka la pembejeo, tangazo la gesi na ujumbe wa simu aliotumiwa na mwanawe unaodai kwamba maji ya limao huondoa sumu zote mwilini. Kumpa jibu moja hakumtoshi. Maandishi yenyewe hayakubaliani, na mengine hayana mwenyewe anayejulikana.

Afisa mmoja wa elimu aliyewahi kututembelea alinishauri kwa upole kwamba watu hawa wamalize kwanza KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, mambo ya kuhoji yangoje sekondari. Namheshimu, lakini simkubalii. Mtu mzima hajaja darasani akiwa mtupu. Amelima, amelea, ameuza na kununua, amewahi kupunjwa na kujua kwamba amepunjwa. Uwezo wa kuhoji anao tayari, na anauacha mlangoni kwa sababu darasa limemfundisha kwamba kilichoandikwa hakijibiwi. Tena hatangoja sekondari ndipo anunue kiuatilifu. Muuguzi mmoja naye aliniambia anahofia kwamba nikiwazoesha kuhoji mabango wataacha kuwaamini wahudumu wa afya. Nilimwalika aje asikilize. Mama yule wa miaka kumi na moja ya kuni bado anachemsha maji, na sasa anajua anachemsha kwa ajili ya kipindupindu. Maji ya kunywa ya mtoto wake wa mwisho anayatoa kwenye pipa la mvua, nayo anayachemsha. Amepunguza pia magadi anayolainishia makande, baada ya kusikia kwamba magadi nayo huweza kubeba floraidi. Anaiamini zahanati kuliko zamani, kwa kuwa sasa anaelewa inachomwambia.

Sitaki nionekane nasema kwamba kusoma kunaleta maji. Teknolojia ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ipo na imefanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapa hapa kwetu. Kaya nyingi hazina chujio hilo, na hakuna kiasi cha kuhoji mabango kitakachojenga simtanki. Darasa letu linajua kiwango cha floraidi kwenye bomba letu na bado linateka maji pale. Naliandika hili waziwazi kwa sababu wanadarasa wenyewe waliniambia nisilifiche.

Yako mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na maofisa elimu ya watu wazima wa wilaya wangeweza kuruhusu, na hata kuagiza, kwamba sehemu ya kila wiki ya kisomo itumie maandishi halisi yaliyo mikononi mwa wanakisomo, na wawezeshaji tupewe mafunzo ya namna ya kuuliza badala ya namna ya kukaririsha. Mamlaka za maji zingeweza kubandika kwenye kila kituo cha kuchotea, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, matokeo ya kipimo cha mwisho, tarehe yake, na kiwango kilichotumiwa kusemea kwamba maji yanafaa. Wenye jukumu la kusajili viuatilifu wangeweza kuhakikisha kwamba siku za kungoja kabla ya kuvuna zinachapwa kwa Kiswahili juu ya chupa yenyewe, karibu na jina, kwa ukubwa ambao bibi wa miaka sitini anaweza kuusoma bila miwani ya mjukuu.

Na kwako, Mhariri, nina ombi. Katika miaka ya 1970 palikuwa na gazeti la vijijini likichapwa Mwanza, Elimu Haina Mwisho, kwa ajili ya watu waliotoka kujua kusoma. Magazeti ya leo hayana hata robo ukurasa kwa msomaji huyo. Nakuomba utenge safu moja kwa wiki, kwa herufi kubwa na sentensi fupi, juu ya maji, udongo, hewa na viuatilifu, itakayotaja kila mara habari imetoka kwa nani, lini, na imepimwaje.

Barua hii, ikichapwa, nitaisoma darasani Alhamisi itakayofuata. Wanadarasa wanajua kwamba nimewaandika, na wameniambia watakuja na kalamu nyekundu kuona kama niliyoyasema ndiyo waliyoyasema, na ni lipi nimeliacha.

Mwalimu mstaafu na mwezeshaji wa kisomo,
Arumeru, Arusha